Usalama wa Wasafiri Ziwani: Tujifunze kwa Wenye Handaki

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalotuhusu sote, sisi tulio shuleni na ninyi kaka zetu mliomaliza zamani. Wengi wetu ni watoto wa pwani ya Tanganyika, kutoka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, na hakuna nyumba ya pwani ambayo haina mtu wa kuvuka maji.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha habari za handaki la reli lipitalo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Urefu wake ni kilomita 50 na nusu, na katika hizo karibu kilomita 38 ziko chini ya bahari. Lilifunguliwa tarehe 6 Mei 1994. Darasa zima lilistaajabu. Mwenzetu mmoja wa Rumonge akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, kutoka kwetu mpaka milima ya Ubwari si mbali kama hapo. Lini watatuchimbia na sisi?" Mwalimu akajibu kwamba kina cha ziwa letu hufika mita 1,470, akamwuliza kama yu tayari kutangulia na jembe. Tulicheka sana.

Usiku ule bwenini wenzangu waliendelea kubishana juu ya mashine za kuchimbia. Mimi nilikuwa nikiwaza neno jingine ambalo mwalimu alilisema kwa haraka tu kabla ya kengele, yaani jinsi nchi hizo mbili zilivyopatana juu ya usalama wa wasafiri. Handaki lao silitamani. Nayatamani mapatano yao, na nitaeleza kwa nini.

Nilipokuwa na umri wa miaka 16 nilisafiri na baba mdogo kwenda ng'ambo, upande wa Kongo. Baba mdogo ni mfanyabiashara wa mawese. Hupeleka madumu na kurudi na muhogo mkavu na mahindi. Sitataja boti tuliyorudi nayo, wala pwani tuliyoondokea, maana sina nia ya kumshitaki mtu. Jioni ile karani wa boti alikuwa na daftari, akaandika majina ya watu waliolipa nauli. Mbele yetu alikuwapo mama mwenye watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja ameshikwa mkono. Mama akasema, "Andika na hawa." Karani akajibu bila kuinua macho, "Watoto hawalipi, hawaandikwi."

Tukaondoka. Hatujaenda mbali, boti ikakaribia ufuko mwingine ambao hauna gati wala afisa, ikapakia watu wengine na mbuzi. Hao hawakuandikwa kabisa. Usiku wa manane upepo wa kusini ukavuma, ule wa miezi ya kiangazi, na mawimbi yakaanza kuingia. Mashine ikanyamaza. Nahodha akatuamuru tukombe maji kwa madumu yaliyokatwa. Watu wakauliza jaketi za kuokolea ziko wapi; zilikuwapo, lakini zilikuwa zimefungwa kamba na kuwekwa chini ya magunia, na juu ya magunia wameketi watu. Tulikomba maji kwa muda nisioweza kuukadiria. Kisha tukaona taa za wavuvi wa ndagala, tukapiga kelele, wakaja. Mmoja wao alijua mashine. Kulipopambazuka tukafika.

Tulipofika tulikaguliwa mizigo vizuri sana. Kila gunia lilifunguliwa. Lakini hakuna aliyeuliza tulikuwa watu wangapi. Laiti yule mtoto wa mgongoni angeteleza majini usiku, hakuna karatasi katika nchi yo yote ambayo ingeonyesha kwamba alisafiri. Baba mdogo akaniambia, "Mwanangu, tumepona. Usimwambie mama yako, hatakuruhusu tena." Nimenyamaza miaka mitatu. Baba mdogo bado huvuka kila juma.

Sasa turudi kwenye handaki, tuone wenzetu walifanyaje. Nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba mjini Canterbury tarehe 12 Februari 1986, kabla mashine hazijaanza kuchimba. Mpaka wa nchi uko humo humo chini ya bahari, nusu ya njia ni ya huku na nusu ni ya kule. Kama kila nchi ingeshika nusu yake tu, treni ingeingia na kanuni za Kifaransa na kutoka na kanuni za Kiingereza, na moto ukitokea katikati watu wangebaki wakiuliza ni wa nani. Basi wakaunda tume moja ya serikali mbili, na chini yake Mamlaka ya Usalama yenye wajumbe wa pande zote mbili. Kampuni iliyopewa handaki ndiyo iliyoendesha reli na kuchukua nauli, lakini haikuachiwa kujikagua yenyewe. Hilo ni jambo la kwanza la kukumbuka: mwenye chombo si mkaguzi wa chombo.

Na ukaguzi wenyewe ulianza katika ujenzi. Handaki si moja. Ni matundu matatu yaendayo sambamba. Mawili ni ya treni, na la katikati ni dogo, limewekwa kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya kuokoa watu. Kila mita 375 kuna mlango wa kupitia kutoka tundu la treni kuingia tundu la katikati, na hewa ya humo hushikizwa kwa nguvu zaidi ili moshi usiweze kuwafuata watu. Treni za abiria nazo kwa muda mrefu zilitakiwa ziwe na urefu wa karibu mita 400, kusudi po pote zisimamapo, mlango wa kutokea usiwe mbali. Wajerumani walipotaka kupitisha treni zao, mwezi wa Oktoba 2010 walileta treni moja na kufanya jaribio la kuwatoa watu humo ndani. Waliambiwa waonyeshe kwanza, nauli baadaye.

Je, kanuni hizi zilifaa kitu? Tazameni mwaka mmoja tu, mwaka 1996.

Tarehe 18 Novemba 1996 treni iliyobeba malori iliingia handakini kutoka upande wa Ufaransa, na lori moja lilikuwa likiwaka moto. Treni ilisimama kilomita nyingi ndani ya ardhi, juu ya vichwa vyao ni bahari. Moshi ulikuwa mwingi hata hawakuonana. Watu waliokuwamo walikuwa 34, madereva wa malori na wafanyakazi wa treni. Walitoka kwa mlango, wakaingia tundu la katikati, wakaokolewa wote 34. Wengine waliumizwa na moshi, lakini hakuna aliyekufa.

Miezi sita kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na Mwanza. Ilikuwa asubuhi, watu wa mjini walijua, na mashua zilifika. Hata hivyo watu zaidi ya 800 walikufa. Meli ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina, lakini abiria wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Niliposoma habari hiyo katika maktaba yetu nilimkumbuka yule karani na daftari lake. Maskini wa Bukoba na watoto wa boti yetu walikuwa kundi moja: watu wasioandikwa.

Sisemi Wazungu wana akili kuliko sisi. Moto ulitokea kwao tena tarehe 11 Septemba 2008, watu 32 wakatolewa salama, na ndipo wakaongeza vituo vinne vya kunyunyizia maji ndani ya handaki, vilivyokuwa tayari mwaka 2011. Kwa hiyo hata wao hujifunza kwa kuungua. Tofauti ni kwamba baada ya kila msiba kanuni hubadilishwa na kazi hufanywa. Kwetu sisi baada ya msiba tunalia siku tatu, kisha boti inapakia.

Mifano ya kwetu haikuishia Bukoba. Mwezi wa Desemba 2014 meli ya Mutambala ilizama katika ziwa letu hili hili, upande wa Kongo, na watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101, na waliokufa tu walikuwa zaidi ya 220. Mwezi wa Oktoba 2024 boti ilizama katika Ziwa Kivu mbele ya Goma, watu wakiitazama kutoka nchi kavu. Katika misiba hii neno moja hurudi: chombo kilijazwa kupita kiasi.

Ziwa letu lina shida yake zaidi. Ni refu, kilomita 673, na lina nchi nne: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Boti iondokayo Rumonge asubuhi yaweza kuwa Kongo kabla ya saa sita. Kanuni za nchi ile huishia katikati ya maji, na kanuni za nchi hii huanzia hapo hapo, lakini wimbi halijui. Na mwenye boti mjanja hujua. Akikatazwa kupakia gatini hupakia ufukweni. Akibanwa upande huu hujiandikisha upande ule. Tena katika miaka hii ya karibuni maji ya ziwa yalipopanda yalimeza nyumba na sehemu za kuegesha vyombo, na boti nyingi zikazoea kushusha na kupakia po pote penye mchanga. Huko hakuna mkaguzi hata mmoja.

Mtu ataniuliza, "Je, hatuna mamlaka tayari?" Ni kweli. Nchi nne zilitia sahihi mkataba wa Ziwa Tanganyika tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Kazi yake kubwa ni kulinda maji, samaki na ardhi ya kando, nayo ni kazi njema, maana bila ndagala na mukeke sisi si kitu. Lakini kama nchi nne ziliweza kukaa meza moja kwa ajili ya samaki, hazishindwi kukaa kwa ajili ya watu.

Wenzetu wa Ziwa Viktoria wamekwisha kuanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga Sheria ya Usafiri wa Ziwa Viktoria mwaka 2007 kwa ajili ya nchi tatu za ziwa lile. Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka huo huo wa 2007, na Kongo iliingia mwaka 2022. Kwa hiyo nchi tatu kati ya nne za ziwa letu ni za nyumba moja. Zambia haimo, lakini jirani huitwa, akaja. Maoni yangu ni kwamba sheria ya namna ile itungwe kwa ajili ya Tanganyika, na iwe na tume moja ya usalama yenye wajumbe wa nchi zote nne.

Hapa napenda kuwa mkweli. MV Nyerere ilipinduka miaka 11 baada ya sheria ile kutungwa. Basi sheria katika kabati haiokoi mtu. Tena handaki lenyewe lina funzo hapa. Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, kazi ya kutoa vyeti vya usalama iligawanywa, kila nchi ikachukua nusu yake. Wengine watasema, "Unaona? Hata wao wameshindwa kukaa pamoja." Mimi nasema sivyo. Waligawana vyeti, lakini hawakuacha mpango wao wa pamoja wa kuokoa watu, ambao vikosi vya zima moto vya nchi mbili hufanya mazoezi yake pamoja. Siku ya moto hawatakutana kama wageni. Je, waokoaji wa Rumonge na wa ng'ambo wamekwisha kufanya zoezi pamoja mara ngapi?

Wengine watasema sisi ni maskini, na boti za mbao si treni za Ulaya. Neno hilo nalisikia sana, nalo hunikera, maana mambo nitakayotaja hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, majina. Kila mtu aandikwe, na mtoto wa mgongoni pia, awe amelipa au hakulipa. Orodha moja ibaki pwani. Siku hizi karani aweza kuipiga picha kwa simu na kuipeleka kwa mwenzake wa ng'ambo kabla boti haijaondoka. Boti ikichelewa, ng'ambo watajua inangojewa, na watajua wanamtafuta nani.

Pili, mstari. Kila chombo kipakwe mstari wa rangi ubavuni, na maji yakiufikia, mzigo usiongezwe hata kilo moja. Uingereza ililazimisha mstari huo kwa sheria ya mwaka 1876, baada ya mbunge wao Samuel Plimsoll kuwapigania mabaharia waliokuwa wakipelekwa baharini katika meli zilizojazwa mno. Mkebe wa rangi bei yake haifiki bei ya mbuzi mmoja. Na asiyejua kusoma aweza kuuona mstari.

Tatu, jaketi zivaliwe kabla ya kung'oa nanga. Jaketi iliyo chini ya gunia haina faida kwa mtu.

Nne, wakaguzi wabadilishane. Katika handaki maafisa wa Ufaransa hukaa upande wa Uingereza, na wa Uingereza hukaa upande wa Ufaransa, na msafiri hukaguliwa pasipoti na nchi zote mbili kabla ya kuondoka. Kama waweza kufanya hivyo kwa pasipoti, sisi twaweza kufanya hivyo kwa usalama. Mkaguzi wa Burundi akae Kalemie, wa Kongo akae Rumonge, wa Tanzania akae Bujumbura, wa Burundi mwingine akae Kigoma. Mgeni hana shemeji pwani pale, na kwa hiyo si rahisi kumwambia, "Afande, achilia leo tu."

Tano, wavuvi. Walioniokoa mimi hawakuwa kikosi. Walikuwa watu wa taa na nyavu. Usiku ziwa zima ni lao. Wafundishwe kidogo, wapewe namba moja ya simu ya msiba, na wanaporudi na watu badala ya samaki, walipwe mafuta yao waliyochoma.

Sasa neno kwetu sisi wenyewe. Ndugu wanafunzi, likizo iko karibu. Boti ikijaa, shuka. Watakucheka kwamba umesoma ukawa mwoga. Waache wacheke, ungoje ya kesho. Ukiandikiwa jina, uliza kama mdogo wako ameandikwa. Wenye kujua kuogelea wawafundishe wenzao. Ni aibu mtoto wa Rumonge kujua mito ya Ulaya na kuzama katika maji ya kwao.

Na ninyi kaka zetu mliotutangulia, baadhi yenu leo mko bandarini, baadhi mko ofisini Gitega na Bujumbura, baadhi ni wanasheria, na wengine mna boti zenu wenyewe. Ninyi ndio mwaweza kulitoa jambo hili katika jarida hili na kulifikisha mahali panapotungwa sheria. Mwenye boti miongoni mwenu hana haja ya kungoja nchi nne. Apake mstari wake juma hili.

Jumamosi iliyopita nilimpigia simu baba mdogo, nikamweleza kwamba naandika habari ile ya usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika. Lakini mwambie mama yako wewe mwenyewe kwanza, asije akaisikia kwa watu." Nimemwambia. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: yule mama wa watoto wawili, jina lake nani? Sikuweza kumjibu. Mama aliandikwa, lakini daftari lilibaki kwa karani, na watoto hawakuandikwa po pote.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine naye aandike, maana jarida ni letu sote.